Uanagenzi wa ufundi mitambo kiwandani: kwanza jifunze kutoharibu

Chukua beringi (kifaa chenye gololi kinachoshika mhimili unaozunguka, yaani shafti) iliyokufa kabla ya siku zake. Ikate ringi ya nje, isafishe kwa mafuta ya taa, kisha itazame njia ya gololi kwenye mwanga. Mara nyingi utakuta vishimo vidogo vilivyopangana kwa umbali uleule uliopo kati ya gololi moja na nyingine. Vishimo hivyo havikuchimbwa na mashine. Vililetwa na nyundo siku beringi ilipofungwa: fundi aligonga ringi ya nje ili ringi ya ndani iingie kwenye shafti, nguvu yote ikapita kwenye gololi. Mashine ikawashwa, ikazunguka vizuri, kadi ya kazi ikasainiwa. Miezi mitatu baadaye inanguruma, na watu wanalaumu spea feki.

Kijana anayeanza uanagenzi wa matengenezo viwandani huja akitarajia kufundishwa kufufua mashine zilizokufa. Atafundishwa, lakini baadaye. Hitilafu nyingi atakazokutana nazo zilisababishwa na mikono iliyozihudumia mashine hizo: grisi iliyozidi, mkanda uliovutwa kupita kiasi, bolti iliyokazwa kwa kukisia, mota iliyokalishwa kwenye msingi usio sawa. Kwa hiyo mwaka wa kwanza ukitumika vizuri unakuwa mwaka wa kujifunza kutoharibu, na karibu kila atakachofundishwa kinarudi hapo.

Fildi, saidia fundi na uanagenzi

Vitu hivi vitatu huchanganywa, na anayeumia kwa mchanganyiko huo ni kijana mwenyewe. Fildi ni wiki kadhaa ambazo mwanafunzi wa chuo hupelekwa kiwandani kuona kazi, kisha anarudi darasani na ripoti yake. Saidia fundi ni kibarua. Anabeba spana, anashika tochi, anajifunza kwa kuibia macho, na akiondoka hana karatasi inayosema anajua nini. Uanagenzi una mkataba kati ya mwanagenzi na mwajiri, una ratiba ya chuo na ya kiwanda, una fundi aliyepewa jukumu la kumfundisha, una daftari la kumbukumbu linalosainiwa, na mwisho una mtihani na cheti.

Tanzania, mafunzo ya ngazi hii yapo chini ya VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na vyeti vyake vya ufundi stadi vina ngazi ya I, II na III. Aliyejifunza mtaani bila kupita chuoni hajafungiwa mlango, maana kuna utaratibu wa urasimishaji ujuzi ambapo anapimwa kwa kile anachoweza kufanya na kupewa cheti. Kenya, taasisi husika ni NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Huko mkataba wa uanagenzi husajiliwa, majaribio ya gredi III hadi I bado yanafanyika, na mwajiri hulipa tozo ya shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi ili kugharimia mafunzo. Hili la tozo ni zuri kulijua, kwa sababu kiwanda kinachochangia fedha za mafunzo hakimfanyii mwanagenzi hisani kikimpa nafasi.

Ngazi za kazi nazo zina majina yake. Fundi mchundo ndiye mwenye mkono kwenye mashine. Fundi sanifu, mwenye stashahada ya ngazi ya 6 kutoka chuo kama DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) au Chuo cha Ufundi Arusha, hupanga kazi, husoma michoro na kuchunguza chanzo cha hitilafu. Mhandisi huamua nini kibadilishwe na kwa gharama gani. Ukiwa mwanagenzi unaanzia kwa mchundo, na njia ya kwenda juu ipo.

Kabla ya kusaini mkataba, uliza nani hasa atakufundisha, kwa jina, maana jibu la "utakuwa na timu" lina maana ya kwamba hakuna mtu. Uliza utakaa miezi mingapi kila kitengo, posho ni kiasi gani na inalipwa lini, na kama umeandikishwa kwenye mfuko wa fidia kwa wafanyakazi endapo utaumia. Vifaa vya kujikinga ni juu ya mwajiri, na sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 inasema hivyo. Ukiambiwa ununue viatu vya usalama kwa fedha yako, umeshajua mengi kuhusu kiwanda hicho.

Jambo moja kuhusu majira. Viwanda vya sukari vya Tanzania husimamisha usagaji wakati wa mvua za masika, miwa ikiwa haivuniki, na miezi hiyo ndiyo ya kufungua kila kitu: rola za kusagia, giaboksi, pampu, boila. Mwanagenzi akipangiwa kipindi hicho atashika mashine nyingi kuliko atakazoshika mwaka mzima wa uzalishaji. Viwanda vya saruji navyo huwa na kusimama kwa mwaka, tanuru likipoozwa na kujengwa upya matofali yake ya ndani. Omba uwepo.

Kufuli kwanza, spana baadaye

Somo la kwanza halihusu chuma, linahusu nishati. Mashine iliyozimwa bado ina uwezo wa kukukata mkono, kwa sababu kuzima kwa kitufe kunasimamisha mzunguko tu na njia ya umeme inabaki wazi.

Utaratibu unakwenda hivi. Mwambie opereta na msimamizi wa zamu kwamba mashine inatolewa kazini. Izime kwa njia yake ya kawaida. Nenda kwenye swichi kuu ya mashine hiyo, ikate, weka kufuli lako na kibandiko chenye jina lako. Kila anayeingiza mkono kwenye mashine anaweka kufuli lake, hata wakiwa sita. Funguo ni moja na ipo mfukoni mwako, sio kwenye droo ya fomeni. Kisha toa nishati iliyobaki: hewa kwenye silinda na mabomba, shinikizo kwenye hidroliki, mzigo ulioning'inia, springi iliyobanwa, mvuke. Kifaa cha kurekebisha kasi ya mota hubaki na chaji ndani hata baada ya umeme kukatwa, na muda wa kusubiri umeandikwa kwenye kibandiko chake. Mwisho, jaribu: bonyeza kitufe cha kuwasha uone kama kuna kitu kinasogea, kisha kirudishe mahali pake.

Hatua inayorukwa ni hiyo ya mwisho, na inarukwa kwa sababu inaonekana ya kijinga. Kwenye kiwanda chenye mota tatu zinazofanana, namba za swichi zikiwa zimefutika, ni rahisi mno kufunga swichi ya namba 2 huku unafungua namba 3. Kitufe cha kuwasha ndicho pekee kitakachokuambia. Fundi umeme akipima nyaya kama hazina umeme, mtazame: anapima kwanza mahali penye umeme ili ajue kifaa kinafanya kazi, anapima pale panapotakiwa pawe pamekufa, kisha anarudi kupima penye umeme tena. Mwanagenzi wa mitambo hafungui paneli ya umeme. Anasimama kando, anajifunza.

Jiliwa, tupa na kipimo

Miezi ya mwanzo utasimama kwenye benchi ukipiga tupa kipande cha chuma mpaka kiwe mraba. Vijana wengi huona ni adhabu. Ukweli ni kwamba hapo mkono unafundishwa kuhisi, na jicho linafundishwa kutoridhika haraka.

Kipimo kina ugumu wake. Chukua shafti inayobeba beringi yenye tundu la mm 25. Shafti hiyo kwa kawaida hukerezwa ili iwe kati ya mm 25.002 na 25.015, wakati tundu la beringi lenyewe liko kati ya mm 24.990 na 25.000. Kwa hiyo shafti ni kubwa kidogo kuliko tundu, na tofauti yao haizidi mm 0.025, chini ya unene wa unywele. Sasa mwanagenzi anapima kwa vernia (kipimo cha taya za kutelezesha) yenye hatua ya mm 0.02 na kusoma 24.98. Je, shafti imelika, au ni mkono wake ulibana kwa pembe? Vernia haiwezi kumjibu. Anahitaji maikromita (kipimo cha skrubu) ya kusoma mia za milimita angalau, anapima sehemu tatu za urefu na pande mbili za mzunguko, na anasafisha mafuta kwanza, maana utando wa uchafu pekee unaweza kula nafasi yote hiyo.

Shafti ikiwa kweli imefika 24.98, beringi mpya itaingia kwa kusukuma kwa dole gumba, na hapo ndipo watu hufurahi badala ya kushtuka. Ringi ya ndani itaanza kuteleza juu ya shafti, itapata moto, itaila zaidi. Dawa ya mtaani ni kuipiga shafti senta panchi (chuma chenye ncha cha kutia alama) pande zote ili vinundu vishike beringi. Vinashika kwa siku chache. Vinundu hivyo ni vidogo, vinalala chini ya mzigo, na beringi inabaki imekaa upande. Matengenezo halisi ni kujaza chuma kwa kuchomelea na kukereza upya, au kuvisha bushi (bomba fupi la chuma), au kubadili shafti. Kama uzalishaji unadai mashine leo, piga senta panchi ukipenda, lakini andika kwenye kadi kwamba ni ya muda na shafti iagizwe.

Beringi: kusoma namba, kufunga, kusoma maiti yake

Namba za beringi si za kukariri. Chukua 6308-2RS C3. Tarakimu mbili za mwisho, 08, zidisha kwa 5: tundu ni mm 40. Kanuni hiyo inaanzia 04 kwenda juu. 00 ni mm 10, 01 ni 12, 02 ni 15 na 03 ni 17. Tarakimu 6 mwanzoni ni ya beringi ya gololi yenye mfereji wa kina, na 3 inayofuata inaonyesha ukubwa wa umbo kwa tundu lilelile: 6208 ina kipenyo cha nje mm 80, 6308 ina mm 90. Herufi 2RS ni sili za mpira pande mbili. ZZ ni ngao za bati. C3 inamaanisha nafasi ya ndani kati ya gololi na ringi ni kubwa kuliko ya kawaida, na mota nyingi huitaka kwa sababu shafti hupata moto na kutanuka. Stoo wakikupa 6308 isiyo na C3 kwa mota iliyokuwa nayo, itaingia, itazunguka, na itachemka.

Kanuni ya kufunga ni moja: sukuma ringi ile inayobana. Beringi inabana kwenye shafti? Nguvu iende kwenye ringi ya ndani, kwa bomba lenye kipenyo kinachoigusa hiyo peke yake. Inabana kwenye nyumba yake (kikasha kinachoishika kwa nje)? Sukuma ringi ya nje. Nguvu isipite kwenye gololi kamwe.

Njia bora kwa beringi ya mm 40 kwenda juu ni joto. Chuma hutanuka maikroni 12 hivi kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Beringi ya tundu la mm 40 ikitoka kwenye nyuzi 25 hadi 110, tundu lake linakua kwa takriban mm 0.04, na hiyo inatosha kuzidi mbano wote ilionao kwenye shafti. Inateleza yenyewe mpaka kwenye bega la shafti. Ishikilie hapo kwa sekunde kadhaa ibane, la sivyo itajivuta nyuma ikipoa na kuacha upenyo. Usizidi nyuzi 120, na yenye sili za mpira ibaki chini ya 80. Hita ya sumaku ndiyo sahihi. Kutumia gesi ya kuchomelea ni kuiua beringi, kwani mwali unalainisha chuma upande mmoja huku upande mwingine bado ni wa baridi.

Na usifungue karatasi ya beringi mpaka dakika ya kuifunga. Vumbi la saruji au la nafaka likiingia, umeiwekea msasa.

Iliyokufa nayo isitupwe kabla ya kusomwa. Vishimo vilivyopangana ni nyundo, kama tulivyoona. Rangi ya bluu au kahawia ni joto, aidha grisi ilikwisha au ilizidi. Njia ya gololi ikiwa imekaa mshazari badala ya kwenda sambamba na ukingo, shafti na nyumba hazikuwa kwenye mstari mmoja. Mistari iliyojipanga kama ubao wa kufulia ni umeme uliopita ndani ya beringi, na utaiona zaidi kwenye mota zinazoendeshwa na kifaa cha kurekebisha kasi. Kutu yenye alama za mahali gololi zilipokaa ni maji yaliyoingia mashine ikiwa imesimama. Fundi anayebadilisha bila kusoma atabadilisha tena.

Grisi hupimwa

"Paka grisi ya kutosha" ni amri inayoua mota. Kiasi cha kuongeza hupatikana kwa hesabu nyepesi: kipenyo cha nje cha beringi kwa milimita, mara upana wake kwa milimita, mara 0.005, jibu ni gramu. Beringi ya 6308 ina kipenyo cha nje 90 na upana 23, hivyo ni gramu 10 na kidogo. Sasa pima pampu yako ya grisi: piga mara kumi juu ya karatasi kwenye mizani, gawanya kwa kumi. Ikitoa gramu 1.3 kwa pigo, beringi ile inahitaji mapigo 8. Andika namba hiyo kwenye pampu kwa rangi, maana pampu ya jirani inaweza kutoa nusu yake.

Grisi ikijaa nafasi yote, gololi zinaivuruga badala ya kupita. Inapata moto, mafuta yanatengana na sabuni yake (kile kinachoigandisha grisi), sili zinasukumwa nje, na kwenye mota grisi inaingia hadi kwenye koili. Ndiyo maana kuna kizibo cha kutolea chini ya beringi: kifungue kwanza, futa nipo (mdomo wa kutilia grisi) kwa kitambaa safi, piga polepole mota ikizunguka kama sehemu yenyewe ni salama kufikiwa, na acha kizibo wazi hadi ziada itoke. Joto litapanda kidogo kisha lishuke. Lisiposhuka, umezidisha.

Usichanganye grisi kwa kufuata rangi. Rangi ni ya muuzaji. Grisi ya lithiamu na ya poliyurea zikikutana mara nyingi zinageuka uji unaotiririka, beringi inabaki kavu ikiwa imejaa. Beringi za 2RS hazitiwi grisi kabisa.

Bolti na nyuzi

Hapa kuna machache ya kushika kichwani. Alama 8.8 kwenye kichwa cha bolti ina maana chuma kinakatika kwenye takriban megapaskali 800 na kinaanza kurefuka bila kurudi kwenye asilimia 80 ya hapo. Bolti kavu ya 8.8 hukazwa kwa takriban niutoni-mita 25 ikiwa M8, 49 ikiwa M10, na 85 ikiwa M12. Ikipakwa mafuta, msuguano unapungua na kipimo kilekile kitainyoosha zaidi, kwa hiyo punguza. Kaza kwa kuvuka, moja kwenda ya mkabala, kwa hatua tatu. Tundu la kukatia uzi wa M8 litobolewe kwa 6.8, la M10 kwa 8.5, la M12 kwa 10.2.

Mtego mmoja wa mabomba: uzi wa nusu inchi wa Kiingereza na wa Kimarekani vyote vina meno 14 kwa inchi, lakini pembe ya jino ni nyuzi 55 kwa mmoja na 60 kwa mwingine. Vinaingiana mizunguko kadhaa, vinakaza, na vinavuja daima. Kuongeza utepe wa kuzibia hakusaidii. Mashine ikiwa ya Marekani, kagua kabla ya kununua kiungo.

Mikanda, na mota iliyo kwenye mstari

Mkanda wa V hufanya kazi kwa kuta zake, si kwa tumbo. Ukiona chini ya mfereji wa puli (gurudumu linalovaa mkanda) pamekuwa panang'aa, mkanda umeshaingia mpaka chini na unateleza. Puli au mkanda umelika. Mikanda minne kwenye puli moja hubadilishwa yote minne, kwa sababu mpya mmoja kati ya mitatu iliyolegea utabeba mzigo peke yake. Usiingize mkanda kwa kuuchokonoa na bisibisi juu ya ukingo wa puli: nyuzi za ndani zinakatika bila nje kuonyesha. Legeza mota, uvalishe, uvute. Kwa kuanzia, mkanda ukibonyezwa katikati kwa nguvu iliyotajwa na mtengenezaji ushuke mm 16 kwa kila mita ya umbali kati ya puli. Rudi kesho yake uukaze, maana mkanda mpya hujinyoosha. Uliokazwa kama uzi wa gitaa unahamishia mzigo kwenye beringi ya mota, na tumeshajua mwisho wake.

Kaplingi, kiungo kinachounganisha shafti ya mota na ya mashine inayoendeshwa, ni somo la subira. Kwanza mguu mlegevu: kaza bolti zote nne za mota, weka saa ya kupimia (sindano yake huonyesha msogeo) juu ya mguu mmoja, legeza bolti yake. Sindano ikiruka zaidi ya mm 0.05, mguu ule haukai. Weka shimu (kibati chembamba cha kuinulia) hapo kabla ya kitu kingine. Ukiruka hatua hii utapima mchana kutwa na kila ukikaza namba zinabadilika.

Kisha saa kwenye mzingo wa kaplingi. Zungusha nusu mzunguko kutoka juu hadi chini. Ikisoma tofauti ya mm 0.40, mota haiko juu au chini kwa 0.40 bali kwa nusu yake, 0.20. Kosa hili la kusahau kugawanya kwa mbili ni la kila mwanagenzi. Baada ya hapo pembe: tuseme kaplingi ina kipenyo cha mm 120 na upenyo wa juu ni mpana kuliko wa chini kwa mm 0.06. Mota imeinua pua. Umbali kati ya miguu ya mbele na ya nyuma ni mm 400, basi miguu ya nyuma iinuliwe kwa 0.06 gawanya 120 mara 400, yaani mm 0.20. Shimu ziwe chache na nene, zisizidi nne, kwani rundo la shimu nyembamba ni springi. Kwa mota ya mizunguko 1,500 kwa dakika, lenga kubaki chini ya mm 0.1 ya kupishana (shafti moja kuwa juu au kando ya nyingine) na chini ya mm 0.07 ya pembe kwa kila mm 100 za kipenyo. Pampu ya maji ya moto hupanda ikipata joto: kitovu kikiwa mm 200 juu ya msingi, nyuzi 40 za ziada ni karibu mm 0.1. Kwa hiyo mota hukalishwa juu kidogo makusudi ikiwa baridi.

Vinavyoumiza

Grainda ndogo huzunguka hadi 11,000 kwa dakika. Diski ya mm 230 imeandikwa 6,600. Kuna mafundi wanaotoa kinga na kuivalisha diski kubwa kwenye grainda ndogo "ili ikate ndani". Ukingo wa diski hiyo unafika mita 132 kwa sekunde wakati imetengenezwa kuvumilia 80. Ikipasuka, vipande vinafuata shingo na paja.

Mafuta ya hidroliki yakivuja kwa tundu la sindano kwenye bar 200 yanapenya ngozi. Yanaacha alama kama ya kuumwa na mdudu, na saa chache baadaye mkono unaweza kuanza kuoza. Tafuta uvujaji kwa kipande cha kadibodi, kamwe si kwa kiganja, na aliyechomwa aende hospitali hapohapo hata kama haumii. Vali ya usalama ya tangi la hewa au ya boila mwanagenzi haigusi, na fundi yeyote anayeikaza ili isipige kelele ametengeneza bomu.

Kadi ya kazi

"Pampu mbovu, imetengenezwa" ni maandishi yasiyomsaidia mtu. Linganisha na haya: "Pampu ya maji ya kupoozea namba 2. Beringi ya upande wa kaplingi 6308 C3, joto nyuzi 92, kelele ya kukwaruza. Njia ya gololi imekaa mshazari. Beringi mpya imefungwa kwa hita, nyuzi 110. Kupishana kabla mm 0.35, baada mm 0.06. Joto baada ya saa mbili nyuzi 58." Anayesoma miezi minne baadaye ana mahali pa kuanzia.

Tuseme sasa pampu hiyohiyo inarudi, beringi ileile, mshazari uleule, na kadi zinaonyesha ni mara ya tatu ndani ya mwaka. Kaplingi ilipangwa vizuri kila mara, hivyo kuna kitu kinaivuta baada ya kupangwa. Fundi anayekufundisha atakuambia uweke saa kwenye kaplingi na kulegeza bolti za flanji, ile sahani ya kuungia, ya bomba la kunyonya, moja moja, huku unatazama sindano. Ikisogea zaidi ya mm 0.05, bomba ndilo linaloivuta pampu badala ya kubebwa na nguzo zake. Bolti ya mwisho ikitoka, flanji inaruka pembeni milimita kadhaa kwa mlio, na pampu inakaa. Kazi iliyobaki hapo ni ya mchomeleaji: bomba likatwe, nguzo iwekwe chini yake, flanji ziungwe zikiwa zimetazamana zenyewe bila kuvutwa kwa bolti. Ndipo unarudisha saa kwenye kaplingi na kupima upya.